Huzuni na Ndugu Zake: Safari ya Maneno ya Msiba Kutoka Pwani Hadi Kigali

UTANGULIZI

Mwanafunzi wa Kigali akipewa kazi ya kukusanya maneno ya huzuni, daftari lake aghalabu huwa na sura moja. Upande wa kushoto ameandika maneno manne ya Kiingereza: sadness, sorrow, grief, gloom. Upande wa kulia ameandika huzuni, huzuni, huzuni, na tena huzuni. Hakukosea, kwa kuwa vijitabu vingi vya tafsiri ndivyo visemavyo. Hata hivyo, mwalimu akilirudisha daftari hilo likiwa na alama ya kupata, atakuwa amekubali jambo lisilo kweli: kwamba Kiswahili kina neno moja tu la kumlilia maiti, la kumkosa rafiki, na la kutazama mvua dirishani moyo ukiwa mzito.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno ya huzuni katika lugha yetu ni ukoo mkubwa, na kwamba kila neno lina asili yake na matanga yake. Aidha, yanakusudia kueleza kwa nini jambo hili, ambalo kwingineko ni pambo la ufasaha tu, mjini Kigali ni wajibu wa mwalimu.

MANENO YALIYOVUKA BAHARI

Tuanze na huzuni lenyewe. Neno hili ni la asili ya Kiarabu, kutokana na huzn, nalo limezoea pwani yetu hata likazaa vitenzi huzunika na huzunisha. Ndilo pana kuliko yote. Mtu huhuzunika kwa kufiwa, kwa kushindwa mtihani, au kwa kusikia hadithi ya kale. Kwa sababu ya upana huo, ndilo limsaidialo mtafsiri mvivu.

Pamoja nalo walikuja ndugu wawili, hamu na ghamu, na safari yao yafaa kufundishwa darasani. Katika Kiarabu, hamm ni wasiwasi na mzigo wa moyo. Ghamm ni huzuni inayofunika, na shina lake ni lile lile lililozaa neno la Kiarabu la mawingu. Ghamu, basi, ni moyo uliofunikwa na wingu. Waandishi wa zamani waliyatumia maneno hayo pamoja, hamu na ghamu, kwa maana ya majonzi mazito. Lakini leo ghamu imebaki vitabuni, na hamu imehama kabisa: mtu akisema ana hamu ya ndizi, hakuna amwonaye kuwa ana msiba. Mzigo wa moyo umegeuka kuwa mvuto wa moyo. Jambo hilo si la ajabu, kwani anayetamani sana na anayehuzunika sana wote wawili wamekosa kitu.

Neno la tatu ni tanzia, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kumfariji mfiwa. Kwetu limekuwa taarifa ya kifo, hasa ile itolewayo redioni au gazetini. Tena wahakiki wa fasihi walipohitaji jina la mchezo wa kuigiza unaoishia kwenye maangamizi, walilichukua neno hilo hilo. Hivyo Makbeth, tafsiri ya mchezo wa Shakespeare iliyotolewa na S. S. Mushi mwaka 1968, huitwa tanzia, na mwanafunzi wa sekondari hulijua neno hilo kwa jukwaa kabla hajalijua kwa kaburi.

MANENO YA NYUMBANI

Pembeni mwa maneno hayo wamo ndugu wengine ambao maana zao zinakaribiana, lakini hazilingani.

Majonzi ni huzuni ionekanayo. Huwa usoni na machoni, nayo hupenda kwenda kwa wingi. Husemi mtu ana jonzi moja. Tena neno hilo halina kitenzi. Mtu hujawa na majonzi, kama mtungi unavyojazwa maji na mkono wa mwingine.

Simanzi ni nzito zaidi, nayo ina tabia ya kutanda. Twasema simanzi imetanda kijijini, yaani imewafunika wote kama ukungu, hata yule asiyemjua marehemu akapunguza sauti apitapo. Majonzi mtu aweza kuwa nayo peke yake. Simanzi aghalabu ni ya watu wengi.

Kihoro ni huzuni ya aliyepotewa na alichokipenda, iliyochanganyika na mshtuko. Ni neno la hatari, kwa kuwa wazee wetu waliamini kwamba linaua. Wakisema fulani amekufa kwa kihoro, hawapambi usemi, bali wanataja sababu ya kifo.

Ukiwa si kilio, bali ni hali ibakiayo kilio kikiisha. Mkiwa ni mtu asiye na wake. Nyumba yenye ukiwa ni ile ambayo mlango umesimama na waliokuwa wakiufungua hawapo. Anayetaka kuujua ukiwa na asome Al-Inkishafi, utenzi uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, akiyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari na sasa yamebomoka.

Uchungu ni neno la ulimi lililoshuka hadi moyoni. Dawa ni chungu, na maneno huwa machungu. Mama ajifunguaye huona uchungu. Na methali yasema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ndani ya uchungu mna hasira. Mwenye simanzi huinamisha kichwa, lakini mwenye uchungu aweza kukiinua akauliza kwa nini.

Mwisho ni sikitika, kitenzi chenye nyuso mbili. Ofisi husikitika kumfahamisha mtu kwamba ombi lake halikukubaliwa, na ukoo husikitika kutangaza kifo cha baba yao. Tutalirudia neno hili hapa chini, maana lina mtego ndani yake.

Mwalimu atagundua hapa jambo la sarufi. Mswahili hasemi kwamba yeye ndiye huzuni yenyewe. Hushikwa na simanzi, hujawa na majonzi, huingiwa na huzuni, hupatwa na msiba. Vitenzi vyote hivyo ni vya kutendwa. Huzuni ni mgeni ajaye kutoka nje, na kwa kuwa alikuja, pana tumaini kwamba siku moja ataondoka. Ndiyo maana desturi yetu ina maneno ya kumpokea na maneno ya kumwaga. Jirani husema pole, neno lenye upole ndani yake. Huleta rambirambi, kwani msiba una gharama, na maneno matupu hayapiki chakula cha waombolezaji. Watu hukaa matanga, na siku zikitimia matanga huondolewa.

HATA WAINGEREZA

Isidhaniwe kwamba utajiri huu ni wa Kiswahili peke yake. Maneno yale manne ya daftari nayo yana historia. Sad, katika Kiingereza cha kale, lilikuwa na maana ya kushiba. Kutoka kushiba likawa uzito, na kutoka uzito likawa huzuni. Grief lilipitia Kifaransa kutoka shina la Kilatini lenye maana ya uzito, nalo ni la msiba hasa. Gloom ni giza la anga lililoingia moyoni, kama ile ghamu yetu ilivyo wingu. Tena wanalo melancholy, kutoka maneno ya Kiyunani yenye maana ya nyongo nyeusi, kwani matabibu wa kale walidhani kwamba nyongo hiyo ikizidi mwilini, mtu huwa mnyonge bila ya sababu. Mwaka 1621 Mwingereza Robert Burton alitoa kitabu kinene juu ya ugonjwa huo peke yake.

Basi mwanafunzi aliyeandika huzuni mara nne amezidhulumu lugha mbili kwa mkupuo mmoja. Grief ilistahili majonzi au simanzi. Gloom ilistahili ghamu, au maelezo ya moyo uliofunikwa na kiza. Na kwa kuwa serikali ya Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, mwanafunzi wa Kigali mara nyingi hukijia Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, hali lugha ya mama yake, ambayo ni jirani wa karibu zaidi wa Kiswahili, imeachwa nje ya mlango.

KISWAHILI KILIVYOFIKA KIGALI

Ili tuelewe kwa nini maneno haya ya msiba yalichelewa kufika Rwanda, hatuna budi kukumbuka jinsi lugha yenyewe ilivyofika. Kigali iliasisiwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili kwa askari na makarani wake, na wafanyabiashara wa kutoka pwani walikitumia sokoni. Wabelgiji waliingia mwaka 1916. Chini yao Waislamu wa mjini walitengwa katika makazi yao, na mtaa wa Nyamirambo ukawa nyumba ya Kiswahili Kigali. Kwa Wanyarwanda wengi, Kiswahili kilikuwa lugha ya bei, ya amri na ya safari. Mtu alikijua kwa kununua kitambaa au kwa kuendesha lori. Ni Nyamirambo tu ambako kilisikika pia katika ndoa na mazishi.

Lugha ikijulikana kwa namna hiyo hukosa chumba kimoja cha nyumba yake. Mtu aweza kuwa hodari wa kupatana bei kwa Kiswahili, na asijue la kumwambia mfiwa.

Mambo yalibadilika baada ya 1994. Wakimbizi waliokuwa Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo tangu mwaka 1959 na baadaye walirudi na watoto wao, na wengi walirudi na Kiswahili cha huko walikokaa. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya nchi. Lugha iliyokuwa ya sokoni ikapewa kazi ya kusema katika mambo yote ya taifa, na katika mambo ya taifa la Rwanda la kwanza ni msiba.

MSIBA USIO NA MFANO

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza tarehe 7 Aprili 1994 na kudumu kwa muda wa siku 100 hivi. Waliouawa, kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, ni zaidi ya milioni moja. Katika makaburi ya Gisozi, Kigali, ambako makumbusho yalifunguliwa mwaka 2004, wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Hata jina la maafa hayo katika Kiswahili lafaa kutafakariwa. Mbari ni ukoo, neno la nyumbani na la kujivunia, na sasa limefungwa kwenye neno mauaji.

Sasa tuitazame kalenda ya Kigali. Tarehe 7 Aprili kila mwaka huanza Kwibuka, na wiki ya kwanza ni icyunamo. Kwa Kiswahili twaita wiki hiyo wiki ya maombolezo. Tafsiri hiyo imekubalika, wala sina nia ya kuiondoa. Lakini tuyapime maneno hayo mawili. Maombolezo ni sauti. Anayeomboleza hulia na kutoa maneno ya kumlilia marehemu, na majirani humsikia. Icyunamo imetokana na kitenzi kunama, nacho ni ndugu wa kitenzi chetu inama. Kwa hiyo la kwanza ni la koo, la pili ni la shingo. Mnyarwanda ana methali isemayo Amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, yaani machozi ya mwanamume hutiririka yakaenda tumboni. Mwanafunzi aliyeinamisha kichwa kimya kule Gisozi, akiulizwa kwa Kiswahili kama ameomboleza, aweza kujibu kwa haki kwamba hakuomboleza, bali aliinama.

Kinyarwanda nacho kina ukoo wake wa huzuni. Agahinda ndilo neno pana, na ndilo linaloweza kusimama mkabala na huzuni. Intimba ni ile inayokaa ndani ya moyo, nayo yaikaribia simanzi. Ishavu ina maumivu ya aliyekosewa, kwani gushavuza ni kumtia mtu uchungu. Hapo neno uchungu lafaa kuliko huzuni. Irungu ni upweke wa kukosa wenzi. Ikiriyo ni matanga, na masikio yoyote ya Mswahili yatasikia kilio ndani yake. Tena desturi ya zamani ilikuwa na vitenzi viwili vya rangi: kwirabura, kuwa mweusi, yaani kuingia katika msiba, na kwera, kuwa mweupe, yaani kuumaliza. Sisi tuna kuondoa matanga. Mwalimu akiviweka vitenzi hivyo ubaoni pamoja, darasa litaona kwamba pande zote mbili zilijua jambo moja: msiba lazima uwe na mlango wa kutokea.

Lakini ulikuja msiba ambao mlango wake haukuonekana. Baada ya 1994 lilienea neno ihahamuka, ambalo wataalamu wamelihusisha na ibihaha, yaani mapafu. Ni hali ya mtu aliyeshikwa na hofu ya kumbukumbu hata pumzi ikamkatika. Siku hizi hutumika pia neno ihungabana, lenye maana ya kuyumbishwa. Kiswahili kimejibu kwa kiwewe, na kwa ile huzuni ya muda mrefu iliyo ugonjwa, matabibu wa Tanzania wamelifufua neno sonona. Kinyarwanda huuita ugonjwa huo agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi. Mwanafunzi anayejua tofauti hii hatamwambia mwenye kiwewe kwamba ana huzuni tu na itapita.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni methali. Vitabu vyetu vina methali isemayo kifo cha wengi harusi, na maana yake ni kwamba taabu ikiwapata wote huwa nyepesi. Huko ilikotungwa ina hekima yake. Darasani Kigali, mbele ya mtoto ambaye babu zake wote wako Gisozi, haifai kutamkwa kama zoezi la kukariri. Kifo cha wengi hapa hakikuwa chepesi hata kidogo. Mwalimu asiifiche, kwani ni mali ya lugha. Lakini aifundishe kwa wakubwa, na aeleze mpaka wake.

Mtego wa pili ni sikitika. Mahakama za gacaca, zilizoanza kazi mwaka 2002 na kufungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni 2, na mara nyingi mshtakiwa alitakiwa kukiri na kuomba msamaha. Kinyarwanda husema kwicuza, yaani kujuta. Mfasiri akiandika kwamba mtu huyo alisikitika, amempa njia ya kutorokea, kwa sababu hata asiye na kosa husikitika. Kujuta ni kwa aliyetenda tu. Tofauti kati ya vitenzi hivyo viwili ni tofauti kati ya rambirambi na ungamo.

Mtego wa tatu ni kumbuka. Kinyarwanda kina kwibuka, ambalo ni kukumbuka, na gukumbura, ambalo ni kumkosa mtu na kutamani kumwona. Kwa kufanana kwa sauti, mwanafunzi akisema amemkumbuka mama, mwalimu hana budi kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Huenda anasema kwamba mama amemjia akilini. Huenda anasema kwamba mama hayupo.

Atakayesema kwamba haya ni madogo na aitazame hukumu ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998 na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kabla ya kuamua, majaji walimsikiliza mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, juu ya maana ya maneno ya Kinyarwanda kama inyenzi na ibyitso, na walieleza wazi jinsi ilivyo vigumu kuyahamisha maneno ya mashahidi hadi Kifaransa na Kiingereza. Hapo maana ya neno ilipimwa katika mizani moja na ushahidi wa mauaji.

HITIMISHO

Neno la msiba ni kama jamvi la matanga: limekaliwa na watu fulani, mahali fulani, kwa maiti fulani. Huwezi kulikunja Pate ukalikunjua Kigali bila ya kulikung'uta kwanza. Majonzi, simanzi, kihoro, ukiwa na uchungu vyote vina nafasi hapa, mradi mwalimu ajue kila kimoja kilimlilia nani kwanza.

Pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni la kazi, na ni dogo. Katika somo la maneno ya huzuni, wanafunzi wachore safu tatu, yaani Kinyarwanda, Kiswahili na Kiingereza, na waanze na Kinyarwanda, lugha waliyolilia. Wasijaze neno mpaka waweze kusema nani analitumia, wapi, na baada ya jambo gani. Pasipo neno linalolingana waandike maelezo, wala wasione haya, kwani maelezo ya kweli ni bora kuliko neno la karibu. Yumkini safu ya katikati itakuwa na mapengo. Na tuyaache wazi kwa sasa, kwani Kiswahili kimejifunza kulia pamoja na watu wengi katika safari yake, na safari hiyo haijakoma.